Mafuta ya Zeituni: Twanunua Mafuta au Twanunua Karatasi ya Chupa?

Ndugu msomaji, simama kidogo katika duka lolote la huku Mbweni, au ukishuka mjini pita Darajani, uangalie watu wanavyochagua mafuta ya zeituni. Mmoja huinua chupa akaitazama rangi. Mwengine huuliza bei, na akishaambiwa huirejesha ile kubwa akatwaa ya rakhisi. Wa tatu hutafuta maandishi ya Kiarabu, au picha ya mti na msikiti, na akiiona moyo wake hutulia. Wanaoigeuza chupa wakasoma nyuma ni wachache mno.

Sisemi haya kwa kumcheka mtu. Mapenzi yetu kwa mafuta haya yana asili njema. Mwenyezi Mungu ameapa kwa zeituni katika Surat Tin, na katika Surat Nur akautaja mti wake kuwa umebarikiwa. Na imepokewa na Tirmidhi kuwa Bwana Mtume (S.A.W.) alihimiza mafuta yake yaliwe na yapakwe. Basi mama anayempaka mwanawe hanunui anasa. Anatafuta baraka. Na hapo ndipo anapokamatwa.

Tujiulize: kwa nini mwanamke wa hapa hadanganyiki kwa mafuta ya nazi? Kwa sababu ayajua tangu nazi ikiwa juu ya mbuzi. Amekamua tui, amelichemsha, ameona mafuta yakijitenga. Akinusa tu atakwambia haya ni ya mbata iliyoingia moshi. Wakati wa kipupwe yakigandamana hashangai. Lakini mzeituni hataki kuzaa kwetu, maana mti huo wahitaji baridi ya kusi na kaskazini ya mbali ndipo utoe maua. Hapa hapa Mbweni, Sir John Kirk, balozi wa Kiingereza wa karne ya 19, alikuwa na bustani ya miti ya kigeni ya kila namna, na mingi ilishika. Zeituni sisi twaijua kwa kitabu na kwa chupa tu. Na asiyeijua bidhaa huinunua sura yake.

Haya, tuisome hiyo chupa kama tunavyosoma barua. Maneno “Extra Virgin” maana yake ni mafuta yaliyokamuliwa kwa mashine tu, bila ya dawa, ambayo asidi yake haizidi gramu 0.8 katika kila gramu 100, na ladha yake haina kasoro. Ikiandikwa “Olive Oil” peke yake, basi mengi yaliyomo ni mafuta yaliyosafishwa kiwandani, yakatiwa mazuri kidogo ili yapate ladha. Neno “Pomace” ni machicha. Ndiyo, machicha ya zeituni iliyokwisha kamuliwa, yakatiwa dawa ya kuyeyusha ili yatoe mafuta yaliyobaki, kisha yakasafishwa. Hayo si haramu wala si sumu, yafaa kukaangia. Lakini kuyauza kwa picha ya mti uliobarikiwa na kwa bei ya mafuta ya kwanza ni jambo jengine. Na neno “Light” lisikupumbaze ewe mwenye kuogopa unene: wepesi huo ni wa rangi na ladha, shibe yake ni ile ile ya mafuta yote.

Ama rangi, si ushahidi hata kidogo. Waonjaji rasmi huonjea katika bilauri za buluu makusudi wasiione, maana kuna mazuri ya kijani na mazuri ya dhahabu. Ushahidi uko kooni. Mafuta mapya ya zeituni yana uchungu kidogo na hukereketa koo hata ukakohoa. Sisi tukikereketwa twasema yameharibika, tukayarejesha dukani. Yale malaini, yenye harufu ya njugu kuukuu, twayaweka kabatini na kuyasifu kuwa matamu. Hapa tumegeuza mambo juu chini.

Na bei? Ghali si lazima iwe kweli, khasa tangu ukame wa Hispania ulipopandisha bei duniani kote mwaka 2022 na 2023. Lakini rakhisi isiyo na jina ni ya kuogopwa. Mwaka 1981, huko huko Hispania, mafuta ya mbegu za rapa yaliyokusudiwa viwandani yaliuzwa mitaani kwa jina la zeituni, ndani ya vyombo visivyo na alama. Watu kiasi ya 20,000 waliugua, mamia wakafa, na wengi wao walikuwa familia zilizokimbilia nafuu. Usiseme hao ni wengine. Mwaka 1959, katika mji wa Meknes, Moroko, mafuta ya kupikia yalichanganywa na mafuta ya mitambo ya ndege yaliyotoka kambi ya Kimarekani, na watu wapatao 10,000 wakapooza. Huo ni mji wa Waislamu, wenye misikiti mikubwa kuliko picha yoyote ya chupa.

Basi maandishi ya Kiarabu hayathibitishi kitu ila kwamba aliyechapisha ajua nani atanunua. Mfanya biashara anayeitia aya juu ya machicha, aikumbuke siku Mtume (S.A.W.) alipotia mkono katika rundo la nafaka sokoni, akakuta chini kumerowa, na aliyoyasema hapo.

Wewe ukienda dukani, tafuta chupa nyeusi au kopo, mwanga huyaua mafuta. Tafuta tarehe ya mavuno kama ipo, na nchi yalikotoka. Tunisia, kwa mfano, hutoa mengi na mazuri. Nunua chupa ndogo inayomalizika upesi. Ukiwa na shaka, Wakala wa Chakula na Dawa na Taasisi ya Viwango zipo hapa hapa Zanzibar kwa kazi hiyo. Na zile chupa nyeupe zilizopangwa dirishani, zikipigwa jua tangu asubuhi mpaka alasiri, mwambie mwenye duka kwa upole azitie ndani.