Kagua Injini Ikiwa ya Baridi: Ununuzi wa Gari Lililotumika Haydom

Ukifika kuangalia gari linalouzwa, weka kiganja juu ya boneti, kisha shika bomba la juu la rejeta. Ukikuta joto, mwambie mwenye gari utarudi kesho alfajiri, na umwombe asiliwashe hata kwa kulisogeza tu. Huo si ukorofi. Injini iliyopashwa moto kabla hujafika imeshapoteza sehemu kubwa ya ushahidi: ugumu wa kuwaka umekwisha, moshi wa bluu wa mwanzo umeshatoka, mlio wa pistoni iliyolegea umepungua, na presha iliyolala ndani ya rejeta usiku kucha huwezi tena kuitofautisha na ile ya joto la kawaida.

Kwa mnunuzi wa Haydom jambo hili ni zito kuliko kwa mtu wa Dar es Salaam, na sababu ni mwinuko. Mji wetu uko yapata mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Hapa maji ya kawaida huchemka kwenye nyuzi 94 hivi za Selsiasi, si 100. Kinachoiokoa injini ni mfuniko wa rejeta. Kwenye Toyota nyingi umeandikwa 0.9 au 1.1, na maana yake ni kwamba unashikilia presha ya ziada ya takriban baa hizo, hivyo maji huvuka nyuzi 110 bila kuchemka. Mpira wa mfuniko ukifa, unarudi kwenye 94. Themostati nyingi hufunguka kwenye nyuzi 82 au karibu na hapo; nafasi inayobaki ni ndogo mno kwa gari lenye mzigo kwenye mlima. Ndiyo maana gari lililojaribiwa pwani likaonekana zima linaweza kufika Dareda, likaanza kupanda ukuta wa Bonde la Ufa kuelekea Dongobesh, na kuchemsha kabla halijamaliza kona.

Prado ya dizeli niliyoona ikikaguliwa hapa mjini ilikuwa na injini ya 1KZ-TE, lita 3.0 yenye tabo, ile iliyofungwa pia kwenye Hilux Surf za miaka ya 1990. Ni injini yenye nguvu na mafundi wanaijua vizuri, pamoja na udhaifu wake: silinda hedi yake ni ya aluminiamu juu ya bloku ya chuma, na ikichemshwa mara moja tu vibaya, hedi huweza kupasuka. Kwa hiyo fundi hakuanza na oili wala tairi. Alianza na maji.

Alifungua mfuniko wa rejeta injini ikiwa imelala usiku mzima. Ukatoa mlio wa kupumua. Hapo tayari palikuwa na swali, kwa sababu mfumo uliopoa usiku kucha hautakiwi kubaki na presha. Akachovya kidole: maji yalikuwa na rangi ya kutu, hayakuwa na kulanti. Akajaza, akafunga, akaomba gari liwashwe, na mkono wake akauacha kwenye bomba la juu. Mpira wa bomba ulikuwa laini kama inavyotakiwa, lakini ndani ya dakika moja ukakakamaa mkononi, mshale wa joto ukiwa bado haujatikisika. Injini ikazimwa, mfuniko ukafunguliwa maji yakiwa bado ya baridi, injini ikawashwa tena ukiwa wazi. Mapovu madogomadogo yakaja mfululizo bila kukoma. Mapovu machache ya mwanzo ni hewa iliyonaswa wakati wa kujaza. Yasiyokwisha ni moshi wa silinda unaopenya kwenye maji.

Muuzaji akasema mfuniko ndio mbovu, ukibadilishwa yatakwisha. Hoja hiyo husikika kila mahali na watu huikubali, kwa hiyo inastahili kujibiwa kwa makini. Mfuniko mbovu hupoteza presha, hauwezi kuitengeneza. Maji ya baridi hayana namna ya kukakamaza bomba ndani ya dakika moja. Presha hiyo inatoka kwenye silinda, ama kupitia gasketi ya hedi, ama kupitia ufa wa hedi yenyewe, na huwezi kujua ni ipi mpaka hedi ishushwe. Mnunuzi anayelipa bei ya gari zima hapo anajinunulia kazi ya gereji.

Kuna ujanja mwingine ambao huwadanganya hata wenye uzoefu: kung'oa themostati. Hufanywa na mafundi wengi kwa nia njema ili gari lisichemshe, na huficha tatizo kwenye safari fupi ya tambarare. Namna ya kuugundua ujanja huo ni kulishika tena bomba la juu. Themostati ikiwepo, bomba hubaki karibu baridi kwa dakika kadhaa, kisha joto huja kwa ghafla. Isipokuwepo, bomba hupata vuguvugu polepole tangu mwanzo na mshale hukawia chini. Kwenye injini nyingi za dizeli themostati pia huziba njia ya mkato ya maji inapofunguka. Ukiing'oa, sehemu ya maji huzunguka bila kupita kwenye rejeta, na mlimani gari huchemsha zaidi.

Mengine huenda haraka. Legeza kifuniko cha oili injini ikiwa silensa, yaani ikinguruma bila kukanyagwa: pumzi kidogo ni kawaida, lakini kifuniko kikirushwa, ringi zimekwisha. Oili iliyozidi kipimo kwenye stiki ni dalili ya maji au dizeli iliyoingia. Taa ya oili ikipepesa injini ikiwa ya moto, huenda bearingi zimechoka. Taa ya injini lazima iwake ukifungua swichi na izimike injini ikiwaka. Isiyowaka kabisa huenda balbu imetolewa. Linganisha namba ya injini na iliyo kwenye kadi. Kwa 1KZ na 1HZ ya Land Cruiser, mkanda wa taimingi una kikomo chake cha kilomita, na kilomita zenyewe hurudishwa nyuma; kama hakuna ushahidi wa lini ulibadilishwa, uhesabu kuwa ni wa kubadilisha leo na uutoe kwenye bei.

Nisingependa pia magari mazima yakataliwe kwa hofu. Mvuke mweupe wa asubuhi ya Julai unaotoweka gari likipata moto si ugonjwa. Ugonjwa ni ule unaoendelea na wenye harufu tamutamu ya kulanti. Oili ya dizeli kuwa nyeusi ni kawaida. Na 1HZ, ambayo haina tabo, hapa hupata hewa yenye presha pungufu kwa karibu asilimia 18 kuliko pwani, hivyo kukosa nguvu kidogo na kutoa moshi mweusi ikikanyagwa mlimani haitoshi kuihukumu.

Baada ya ukaguzi wa baridi, lipandishe gari mlima mrefu likiwa na watu ndani, kisha liache silensa dakika kumi ukiangalia mshale. Usifungue rejeta ya moto kwa sababu yoyote ile. Maji yake huunguza uso na mikono papo hapo.

Prado ile haikununuliwa. Fundi aliweza kumshauri mnunuzi aiache, tena kwa uhuru, kwa sababu alilipwa na mnunuzi, kwa kazi ya kukagua, iwe gari litanunuliwa au halitanunuliwa. Fundi anayeletwa na dalali hula pale tu biashara inapofanyika. Nenda na wako, mkubaliane ujira wake kabla hamjafika kwenye gari.