Utamjuaje Fundi Anayejua Kuzibua Sinki

Sinki la kunawia lililozibuliwa na mbabaishaji na lile lililozibuliwa na fundi hasa, siku ya kwanza yote mawili hupitisha maji. Tofauti huja baadaye. La mbabaishaji hurudi kusimamisha maji baada ya wiki chache, povu la dawa ya meno likaganda ukingoni, na harufu ikaanza kupanda asubuhi kabla watu hawajaamka. Ndiyo maana anayetaka kujua kama hela yake imekwenda mahali pazuri hana budi kuitazama kazi wakati inafanyika.

Dalili ya kwanza ni maswali. Fundi anayejua hafungui mfuko wa vifaa kabla hajauliza: maji ya kuoga yanashuka? Choo kinapitisha? Tatizo limekuja ghafla au kidogo kidogo? Kisha anamwaga ndoo ya maji bafuni na kusikiliza. Sinki likiwa ndilo peke yake lenye shida, uchafu hauko mbali: uko kwenye kichujio cha sinki, kwenye trapu (ile kona au kikombe cha plastiki kilicho chini ya sinki), au kwenye kipande cha bomba kinachoingia ukutani. Lakini sinki likimwagwa halafu tundu la maji la sakafuni likatoa mapovu, kizuizi kiko mbele zaidi, kwenye bomba la pamoja au kwenye chemba ya nje. Anayehangaika na waya kwenye sinki ilhali chemba imejaa hadi mdomoni anachosha mikono yake na kumpotezea mteja siku.

Kinachoziba sinki la bafuni kwa kawaida ni nywele na sabuni. Visima vingi vya pwani, kama vile vya Unguja na Mombasa, vimechimbwa kwenye mwamba wa matumbawe, na maji yake hubeba madini ya kalisi kwa wingi. Kalisi ikikutana na sabuni ya kipande huzaa utando wa kijivu usioyeyuka. Nywele, pamoja na nyuzi za rasta zilizokatika wakati wa kusuka au kufumua, hunasa kwenye msalaba mdogo ulio chini ya kichujio. Utando unazizunguka, mabaki ya dawa ya meno yanaganda juu yake, na tundu linapungua kila siku. Uchafu wa namna hiyo unapaswa kutolewa. Ukisukumwa mbele, unakwenda kukaa kwenye kona inayofuata, mahali ambapo hata mkono haufiki.

Basi mtazame fundi anapofungua trapu. Ndoo inatangulia kuwekwa chini. Nati ya plastiki inalegezwa kwa mkono, na spana inatumika pale tu mkono unaposhindwa. Kikombe kinashuka na uji mweusi, katikati yake fundo la nywele lenye urefu wa kidole, pengine na kijiti cha kiberiti au kipini cha nywele. Mbabaishaji humwaga uji huo na kurudisha kikombe. Fundi mwenye kazi yake anachukua mswaki wa zamani, anasugua kuta za ndani, kisha anaipitisha ncha ya kidole kuzunguka washa ya mpira kutafuta palipochanika. Washa iliyokakamaa anaibadilisha, kwa sababu bei yake ni ndogo na maji yanayodondoka usiku kucha huozesha mbao za kabati. Anageuka pia kutazama juu, kwenye msalaba wa kichujio, na kung'oa nywele zilizobaki huko. Wengi husahau hapo, na ndipo sinki linapoanzia kuziba upya.

Yupo anayefika na chupa ya dawa tu mkononi. Huyo aangaliwe kwa tahadhari kubwa. Kostiki soda hula nywele na mafuta kweli, lakini hutoa joto kali na huunguza ngozi na macho. Isipopita, inabaki imetuama ndani ya trapu ikimsubiri atakayeifungua. Hatari zaidi ni kuchanganya: dawa ya klorini ya kung'arishia nguo nyeupe ikikutana na dawa yenye asidi hutoa gesi ya klorini, na bafu dogo lisilo na dirisha si mahali pa kuivuta. Kwa hiyo fundi anayeuliza, “Mmeshamwaga dawa gani humu?” kabla ya kugusa chochote anastahili kuaminiwa. Maji yanayochemka nayo si rafiki wa bomba la PVC, ambalo hulegea kwenye joto la nyuzi 80 hivi. Maji ya moto ambayo mkono unayavumilia yanatosha.

Kikombe cha mpira chenye mpini wa mti ni kifaa kizuri kikitumiwa sawasawa. Sinki linatakiwa kuwa na maji ya kufunika mpira, na lile tundu dogo lililo karibu na ukingo wa juu lizibwe kwa kitambaa kibichi. Bila hivyo msukumo wote unatokea pale juu na mtu anabaki anapampu hewa.

Trapu yenyewe ina kazi ambayo wenye nyumba wengi hawaijui. Maji yanayobaki ndani yake ndiyo yanayozuia hewa chafu na mende kupanda kutoka kwenye shimo la maji taka. Alexander Cumming, fundi saa Mskoti aliyekuwa London, alipata hataza ya choo chenye bomba lililopinda kama herufi S mwaka 1775, na wazo hilo bado liko chini ya kila sinki. Kina cha maji hayo kwa sinki la kunawia kwa kawaida ni kati ya milimita 50 na 75. Yakikauka, madhara yake yanaweza kuwa makubwa: mwaka 2003 zaidi ya wakazi 300 wa majengo ya Amoy Gardens, Hong Kong, waliambukizwa SARS, na wachunguzi walizitaja trapu za sakafuni zilizokauka kuwa miongoni mwa njia ambazo huenda virusi vilipitia. Fundi anayeondoa trapu “ili maji yapite vizuri” ameharibu nyumba.

Jicho likishuka kwenye bomba, ubora unasomeka wazi. Bomba la sinki huwa la milimita 32 au 40, na linahitaji mteremko wa kama sentimita 2 kwa kila mita. Likilala sawa, uchafu unatua. Kona iliyopatikana kwa kuchoma bomba motoni badala ya kununua elbo huwa imebonyea ndani, na pale pale nywele hunasa. Bomba la mkunjo, lile linalopindika kama shingo ya bata, lina mifereji inayohifadhi uchafu kila sentimita. Linafaa kwa dharura na halifai kuachwa humo miaka. Tena chunguza linapoingia ukutani: kazi safi ina mpira wa kubana, kazi mbovu imesokomezewa mfuko wa nailoni.

Majaribio ya mwisho hayahitaji utaalamu. Sinki lijazwe hadi karibu na tundu la juu, kizibo kiondolewe, na kipande cha karatasi kavu ya chooni kipitishwe kuzunguka kila nati; karatasi ikilowa, kazi haijaisha. Sikiliza mwisho wa maji. Mlio mkubwa wa kugugumia unaoendelea baada ya sinki kukauka huashiria kwamba bomba linatafuta hewa na linaweza kunyonya maji ya trapu, hivyo fundi aulizwe kuhusu bomba la hewa. Kama kazi ilifika hadi nje, mfuniko wa chemba usirudishwe mpaka mwenye nyumba ameyaona kwa macho yake maji ya sinki zima yakipita humo bila kutuama. Baada ya hapo amlipe fundi wake, na namba yake ya simu aitunze.