Waya Uliolowa Oili

Fundi hakuanza na spana. Alichukua karatasi nyeupe, akaitandaza juu ya meza ya kazi, akaligeuza chujio la kwanza kifudifudi na kuligonga mgongoni kwa kiganja mara tatu. Zikadondoka punje nyeusi, magamba ya kutu, bawa la mdudu na vipande viwili vya waya vyembamba kama unywele. Akainua karatasi na kupitisha sumaku chini yake. Vile vipande vya waya vikaifuata, vumbi likabaki lilipo.

"Mzee," akamwambia mwenye gari, "hili lina kesi. Tulione na mwenzake."

Gari lenyewe ni Triumph TR3A, la viti viwili, aina iliyoundwa Coventry, Uingereza, kuanzia 1957 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1960. Injini ina silinda nne na ujazo wa sentimita za ujazo 1991, inalishwa na kabureta mbili za SU aina ya H6, na kila kabureta ina chujio lake. Mafundi wetu huliita eakilina. Ukiliona kwa mara ya kwanza utadhani ni kopo la kiwi lililokuzwa: duara, limebapa, limetobolewa matundu, na bolti mbili ndefu zinapita ndani yake kulishikiza kwenye mdomo wa kabureta. Ndani hakuna karatasi wala sponji. Kuna waya tu, uliosukwa na kubanwa ukawa kama kiota.

Kiota hicho ndicho kinachowachanganya wengi. Mtu akikishika juani anaona mwanga ukipenya, anauliza: hiki kinachuja nini? Kikiwa kikavu, anayeuliza ana haki. Nafasi kati ya uzi na uzi ni kubwa mara nyingi kuliko punje ya vumbi, kwa hiyo asidhani hiki ni kichujio cha chai. Kazi inafanywa na oili. Hewa ikiingia inalazimika kupinda kushoto na kulia ili ipite kwenye msongamano wa waya. Hewa ni nyepesi, inapinda. Punje ya mchanga ina uzito wake, haiwahi kukata kona, inajibamiza kwenye waya. Waya ukiwa na oili, punje inanasa kama nzi kwenye asali. Ukiwa mkavu, punje inadunda na kuendelea na safari hadi kwenye silinda.

Hesabu kidogo itatuonyesha ukubwa wa kazi yenyewe. Injini ya mipigo minne huvuta ujazo wake mara moja katika kila mizunguko miwili. Kwa mizunguko 5,000 kwa dakika, ambako TR3A inatoa nguvu zake zote, lita 1.991 zinavutwa mara 2,500. Hizo ni lita 4,978 kwa dakika kinadharia. Tukikubali kwamba silinda hazijai sawasawa na kuchukua asilimia 80, tunabaki na kama lita 4,000, yaani lita 2,000 kwa kila eakilina, kila dakika. Ukiwa nyuma ya lori kwenye barabara ya vumbi, kila lita inakuja na mzigo wake. Na vumbi letu si unga wa ngano. Ndani yake mna punje za kwatzi, na kwatzi ni ngumu kuliko chuma cha kawaida. Punje ikiingia kati ya ringi na ukuta wa silinda inageuka msasa.

Hapo kuna kichekesho cha kihistoria. Injini ya TR3A ni ya ukoo mmoja na iliyofungwa kwenye trekta la Ferguson TE20, kazi ya kampuni ya Standard ya Coventry hukohuko. Trekta, kwa kuwa ni la shambani, lilipewa chujio la bakuli la oili: hewa inashushwa hadi kwenye oili, inaacha uchafu humo, ndipo inapanda kupitia waya. Ndugu yake wa mjini alipewa makopo mawili ya kiwi. Chini ya boneti hapakuwa na nafasi, na waliolisanifu walikuwa na barabara za Uingereza akilini. Kitu kimoja wanachofanana ni laina za silinda zinazochomoka, kiasi kwamba vumbi likizila unaweza kuzibadilisha bila kutupa bloku. Fundi aliniambia laina za gari hili zimebadilishwa mara moja. Sikushangaa.

Sasa kazi. Mwenye gari alikuja na mpango wake: makopo yapigwe mchanga kwa kompresa yawe meupe, kisha yapakwe rangi ya unga na kuokwa, yarudi yanang'aa. Fundi alikataa yote mawili, na kwa maoni yangu kukataa huko ndiko ufundi wenyewe wa siku ile. Kopo la aina hii limekunjwa ukingo kiwandani. Halifunguki bila kulirarua, kwa hiyo waya unabaki ndani kazi yote. Ukilipiga mchanga, punje zinaingia kwenye kiota na hakuna kompresa itakayozitoa zote. Utakuwa umetumia pesa kujaza chujio kitu kilekile linachotakiwa kuzuia, tena upande wa ndani, karibu na kabureta. Rangi ya unga nayo inakaa nene. Inaziba matundu madogo, na pale kopo linapokutana na flenji ikibanduka kipande hakina pa kwenda ila ndani. Kila hatua aliipima kwa swali moja: kitabaki nini humu?

Kosha-kosha ilichukua siku mbili. Makopo yalilala usiku mmoja ndani ya beseni la mafuta ya taa. Petroli ingeyeyusha haraka zaidi, lakini beseni la petroli ndani ya gereji yenye mashine ya kuchomelea ni kujitafutia msiba. Asubuhi aliyasuuza kwa brashi laini, akimimina mafuta safi kutoka upande wa kabureta kuelekea nje, kinyume cha njia ya hewa. Jambo dogo, lakini ukimimina kwa upande wa nje unasukuma taka kule usikotaka ziende. Akaleta mizani ya dukani, akapima kila kopo baada ya kukauka, akaandika kwa chaki ukutani. Akaosha tena, akapima tena. Uzito ulipoacha kupungua, akaacha kuosha. Nimeona mafundi wengi wakisema "imeshatakata" kwa kuangalia tu. Huyu alikuwa na ushahidi ukutani.

Msaidizi wake alitaka kumaliza kwa magadi ya kostiki. Fundi akagusisha sumaku kwenye waya kwanza: ikashika, maana yake ni chuma. Hata hivyo kostiki hakuitaka. Ingekuwa alumini ingeliwa, waya wenye zinki ungevuliwa koti lake, na mabaki yake hayatoki kirahisi kwenye kiota usichoweza kukifungua. Sabuni ya vyombo na maji ya moto vilitosha, kisha hewa ya kompresa kwa presha ndogo, kisha jua kali la saa sita. Presha kubwa husogeza waya na kufungua uchochoro, na hewa, kama mtu yeyote, hupenda njia ya mkato.

Likabaki lile lenye kesi. Baada ya kila kuosha aliligonga juu ya karatasi nyeupe. Mara ya kwanza uzi mmoja ulianguka. Mara ya pili hapakuwa na kitu, na ya tatu vivyo hivyo. Akalipitisha. Mimi ningelitupa na kuagiza jingine, kwa sababu uzi wa chuma ukiingia kwenye silinda unadhuru haraka kuliko vumbi la mwaka mzima. Tulibishana mpaka chai ikapoa. Hoja yake ilikuwa kwamba nyuzi zilizodondoka zilikuwa ncha za upande wa nje, zilizoliwa na kutu pale maji ya mvua yalipotuama, na kiota kwa ndani ni kizima. Aliahidi kuligonga tena kila atakapobadilisha oili. Angalau hakufanya nilichokiona kwingine, mtu kujazia pengo kwa waya wa kusugulia sufuria. Waya ule unakatika kwa kuguswa tu.

Rangi sitaielezea sana. Alisugua kutu ya nje kwa mkono, akapuliza tabaka mbili nyembamba, akiwa amechomeka njiti za kiberiti kwenye matundu na kuziba sehemu ya flenji kwa utepe. Rangi ilifananishwa na mabaki yaliyokuwa chini ya vichwa vya bolti, ambako jua na petroli havikufika. Inapendeza.

Ajali ilitokea kwenye gasketi. Za zamani zilikuwa zimekauka kama magome, akakata mpya kutoka kwenye karatasi ya gasketi kwa kufuata umbo la kopo: duara kubwa la katikati na matundu mawili ya bolti. Akafunga. Injini ikawaka, sailensa ikatulia. Alipokanyaga mafuta ikakohoa, ikazama, ikakataa kupanda. Akageukia plagi, akageukia muda wa moto. Nusu saa ikapita.

Kosa lilikuwa la milimita chache. Kabureta ya SU ina pistoni yake ndani ya kuba. Juu ya pistoni kuna mvuto unaotoka upande wa injini. Chini yake lazima kuwe na hewa ya kawaida, na tofauti kati ya pande hizo mbili ndiyo inayoiinua. Hiyo hewa ya kawaida inaingia kwa matundu madogo yaliyotobolewa kwenye uso wa flenji, hasa pale eakilina inapokaa. Gasketi mpya haikuwa na matundu hayo. Ilikuwa imeyaziba kabisa. Pistoni ikakosa msaada wa chini, ikabaki imelala, na injini ikanyimwa hewa kila ilipoiomba. Balaa hilohilo huwapata wanaofunga gasketi nzuri au kopo lenyewe juu chini. Fundi alicheka, akatoboa matundu kwa paipu ndogo iliyonolewa ukingo, akapaka grisi kiasi cha kulowesha tu, akafunga upya. Pistoni ikapanda laini.

Oili ilikuwa imewekwa kabla ya kufunga, na hapo wengi huharibu kwa ukarimu. Aliyazamisha makopo kwenye oili ya injini ya 20W-50, akayageuza mpaka mapovu yakaisha, kisha akayasimamisha kwa ukingo juu ya wavu usiku kucha. Yakichuruzika bado yanapofungwa, oili ya ziada inavutwa na kabureta, na gari linatoa moshi wa bluu mpaka mwenye gari aanze kuhesabu bei ya ringi.

Halafu kuna jambo ambalo mteja halilipii kwa moyo mweupe: kutyuni upya. Chujio lililoziba hupunguza presha mdomoni mwa kabureta, petroli inavutwa zaidi, na fundi wa jana amekwisha kuirekebisha nati ya jeti kuendana na hali hiyo. Ukirudisha chujio linalopumua, mchanganyiko unakuwa mwepesi. Fundi aliinua pistoni kwa bisibisi nyembamba, kiasi cha unene wa kucha, akasikiliza. Mzunguko ukipanda na kubaki juu, petroli imezidi, ukishuka, imepungua, ukipanda kidogo kisha kurudi, ni penyewe. Kabureta ya mbele ilihitaji pande mbili za nati, ya nyuma upande mmoja.

Jioni tulilitoa kwenye barabara ya vumbi, kilomita kama kumi, nyuma ya daladala. Tuliporudi alifungua kopo la nyuma, akafuta mdomo wa kabureta kwa kitambaa cheupe. Kikatoka na kivuli cha rangi ya udongo, hafifu, kinachoonekana ukikisogeza kwenye taa. Waya hunasa punje nene; unga mwembamba kabisa hupita, na hakuna usafishaji utakaobadilisha hilo. Mzee alikitazama kitambaa kwa muda, akauliza kama karatasi ya kisasa ingeweza kufichwa ndani ya kopo. Fundi akasema inawezekana, ila kopo lazima likatwe.

Mzee alikikunja kile kitambaa, akakitia mfukoni. Kesho yake alipita njia ya lami.