Diski Moja, Vizazi Vinne

Mwezi wa Julai, Lushoto, mwenye akili hukaa ndani. Ukungu unashuka kutoka Magamba saa nane mchana, na baridi yake haijali umevaa koti gani. Manyunyu ndiyo yaliyonisukuma kwenye banda la gemu nyuma ya maduka: tivii tatu za chogo, PlayStation 2 zilizoachwa wazi vifuniko zipate hewa, benchi moja refu, na pedi zilizozungushiwa selotepu mpaka zimenenepa. Upande mmoja walijazana watu wa mpira. Upande wa pili kijana mmoja alikuwa peke yake na gemu la ngumi.

"Shikamoo. Unacheza, anko?"

Nilicheza. Alinipiga raundi tatu mfululizo bila kuacha kutafuna karanga zake. Alikuwa ameshika King, yule mwanamieleka mwenye uso wa chui, na mimi nilijitetea kwa kusema kwamba zamani nilikuwa mzuri kwenye Tekken 3. Hakuonekana kushtuka. Tuliyokuwa tunacheza ilikuwa Tekken 5.

Vijana wengi wanaoitumia diski hii hawajui kilichomo. Tekken 5 iliingia kwenye kumbi za mashine za kuchezea mwaka 2004, kisha PlayStation 2 mwaka 2005, na ndani ya toleo hilo la nyumbani watengenezaji wake, Namco, waliweka Tekken ya kwanza ya 1994, Tekken 2 ya 1995 na Tekken 3 ya 1997, kama zilivyokuwa kwenye mashine za kumbi. Hata wakati diski inajipakia unapewa StarBlade, mchezo wa zamani wa vyombo vya angani, uvishughulishe vidole usichoke kungoja. Sijui fundi mwingine aliyethubutu hivyo. Ni sawa na seremala kukuletea kiti kipya, kisha akakipanga sebuleni pamoja na vile alivyotengeneza baba yake na babu yake, akakwambia: kaa pote, halafu useme.

Kwa hiyo nikakaa pote.

Mwendelezo wa gemu la ngumi ni kazi ngumu kuliko mwendelezo wa hadithi. Anayesoma sehemu ya pili ya kitabu anakuja na kumbukumbu tu. Anayecheza sehemu ya tano ya Tekken anakuja na mikono. Tangu mwanzo mfululizo huu umejengwa juu ya wazo moja ambalo halijabadilika: vitufe vinne, kila kitufe kiungo kimoja. Mraba ni mkono wa kushoto, pembetatu mkono wa kulia, msalaba mguu wa kushoto, duara mguu wa kulia. Mchezo huenda kwa fremu 60 kila sekunde, na ngumi ya haraka huchukua takriban fremu 10 kufika, yaani sehemu moja ya sita ya sekunde. Hapo akili haina nafasi ya kushauriana. Kinachopigana ni mazoea ya vidole, na vidole havisomi matangazo ya toleo jipya. Ukibadilisha kidogo mno, watu watasema wameuziwa diski ileile mara mbili. Ukibadilisha sana, umewanyang'anya kitu walichokijenga kwa miaka, na hawatakusamehe.

Tekken 4 haikusamehewa. Ilitoka 2001, na walioitengeneza hawakuwa wavivu, tatizo lilikuwa ujasiri wao. Tekken 3 ilikuwa na uwanja usio na mwisho: unarudi nyuma, unarudi nyuma, upeo wa macho unarudi nawe. Wao wakaleta kuta. Wakaleta pia ardhi isiyo sawa, yenye kupanda na kushuka. Kwa mtu wa Usambara hilo lingekuwa jambo la kawaida, maana huku hata kiwanja cha mpira kina upande wa juu na upande wa chini, na timu zinagombea sarafu kwa sababu hiyo. Lakini kwenye gemu la ngumi, ukimrusha mtu hewani na ardhi aliyosimama iko chini ya yako, pigo la pili linapita juu yake. Mchanganyiko wa mapigo uliouzoea siku mia unakufa bila kosa lako. Wahusika nao walipunguzwa: Anna, Wang, Baek na wengine hawakuonekana, na Eddy Gordo akageuzwa vazi tu la Christie. Mwendo wa miguu ukawa mzito.

Namna Tekken 5 ilivyolishughulikia deni hilo ndiyo inayonifanya niivulie kofia. Njia rahisi ingekuwa kufuta Tekken 4 yote na kurudi 1997. Hawakufanya hivyo. Walipita chumba kwa chumba kama mtu anayerithi nyumba yenye nyufa. Ardhi yenye mabonde waliisawazisha. Kuta walizibakiza, kwa sababu kuta zilikuwa wazo zuri lililokuja katika nyumba mbaya, na baadhi ya viwanja wakaviacha bila kuta kwa ajili ya wale wa zamani. Sasa kumsukuma mtu hadi ukutani kukawa na thamani yake, maana mgongo ukigonga pale unapata mapigo ya ziada. Wahusika wakarudishwa hadi kupita 30. Juu ya hapo wakaongeza kitu kipya ambacho jicho halikioni haraka: pigo la kuruka sasa linapita waziwazi juu ya teke la chini, na pigo la kuinama linapita chini ya ngumi ya juu. Zamani ilikuwa bahati na umbo la mwili kwenye skrini. Sasa ikawa kanuni, na kanuni mtu anaweza kuitegemea.

Halafu kuna suala la Jin Kazama. Huyu ndiye aliyekuja na Tekken 3, na watu walijifunza mapigano yake ya ukoo wa Mishima kama sala. Katika hadithi ya Tekken 4 Jin anauchukia ukoo huo, anaukana mtindo wake, anakwenda Brisbane kujifunza karate upya. Kwa hadithi ni sawa kabisa, ila kwa vidole ulikuwa msiba. Miaka mitatu baadaye kuna makundi mawili: wanaolilia Jin wa zamani, na wanaompenda sasa huyu wa karate. Ungefanyaje? Namco walimpasua mtu mmoja akawa wawili. Jin akabaki na karate yake. Devil Jin, lile pepo lililomo ndani yake, akapewa mapigano ya ukoo aliyoyakana. Hakuna kundi lililoporwa, na hadithi haikuvunjika. Kinyume chake, ilipata maana: mtu anakataa urithi, lakini upande wake wa giza unaukumbuka wote, pigo kwa pigo. Nimecheza magemu mengi na sijaona tatizo la ufundi na tatizo la hadithi yakitibiwa kwa dawa moja namna hiyo.

Habari za ukoo zenyewe hazimshangazi mtu wa huku. Heihachi Mishima anamtupa mwanawe Kazuya, mtoto wa miaka mitano, kutoka kwenye genge. Mtoto anapona, anarudi mtu mzima, naye anamtupa baba. Baadaye Heihachi, babu, anampiga risasi Jin, mjukuu wake. Tekken 5 inapanda ngazi moja zaidi na kutufunulia Jinpachi, baba yake Heihachi, aliyefungiwa na mwanawe chini ya hekalu. Asubuhi ya siku ileile nilikuwa nimesimama Irente, pale ardhi inapokatika ghafla na Mazinde inaonekana chini kama imechorwa. Mazinde ndiko alikokaa Semboja. Kimweri Zanyumbai, mfalme wa Usambara, alipofariki mwaka 1862, kiti cha enzi cha Vuga alikikalia mjukuu wake Shekulwavu. Semboja, baba mdogo wa Shekulwavu, akiwa huko bondeni karibu na njia ya misafara na bunduki zake, alimpiga vita mpaka akamtoa, akamweka Vuga mwanawe mwenyewe aitwaye Kimweri Maguvu. Na mwanzo wa ukoo huo wa kifalme, Wakilindi, ni Mbegha, kigego aliyenyimwa urithi na ndugu zake huko Ungulu, akaja milimani na mbwa wake na mikuki akawa mfalme. Mtoto mwenye alama mbaya, anayetupwa na kurudi na nguvu: waandishi wa Namco wangekaa siku moja tu na wazee wa Vuga wangepata matoleo mengine sita.

Hukumu bila lawama ni kubembeleza, kwa hiyo niseme na mabaya. Jinpachi kama adui wa mwisho ni udhia. Anakugandisha ukashindwa kujikinga, anakutemea moto tumboni, na ukishinda huhisi kwamba umejifunza lolote. Kuna pia sehemu ya kutembea na Jin huku ukipiga maroboti vyumbani, ambayo naamini iliwekwa ili nyuma ya kasha pawe na mstari mmoja zaidi wa kusifia. Mizani ya wahusika katika toleo la kwanza nayo haikukaa vizuri, na walioshika Steve au Nina mapema wanajua ninachosema.

Lakini mwendo wa mechi yenyewe ni mwepesi na ni safi, na kwa mashine ile ya zamani ni jambo la kustaajabisha. Mtambo wa kumbi uliobeba Tekken 5 ulijengwa juu ya PlayStation 2 yenyewe, ndiyo maana ilipofika nyumbani haikupoteza kitu cha maana. Matoleo yaliyofuata ni mengine. Tekken 8 ilitoka Januari 2024 na inahitaji mashine ambayo bei yake ingenunua banda hili na benchi lake. Hapa bado ni namba tano, na sikuona anayelalamika.

Mvua ilikuwa haijakatika. Nikamwambia kijana atoke kwenye mechi, aingie sehemu ya historia kwenye menyu, achague Tekken 3. Alikuwa hajawahi kuifungua. Picha ilipotokea, yenye pembe kali na rangi zilizopauka, alicheka, na watu wa mpira wakageuka kutazama. Akamchagua King kwa mazoea.

Nikakaa kimya. King wa Tekken 2 na King wa Tekken 3 si mtu mmoja. Yule wa kwanza ameshauawa, na aliyevaa uso wa chui ni yatima aliyelelewa kwenye kituo chake. Sura ilirithiwa. Nilitaka kuona kama na kingine kilirithiwa.

Raundi ya kwanza mashine ilimpiga, kwa sababu mwendo ni tofauti na umbali ni tofauti, na hakuna ukuta wa kumbania mtu. Raundi ya pili akaacha karanga. Akasogea karibu, nikaona kidole gumba chake cha kushoto kikigusa mbele, kisha kikazungusha nusu duara kutoka nyuma kupitia chini hadi mbele, na cha kulia kikabonyeza mraba. King akamdaka mpinzani miguu yote miwili, akamzungusha, akamzungusha tena, akamwachia akaruka mbali kwenye ule uwanja usio na mwisho.

Kijana akaiangalia pedi, halafu skrini.

"Anko, hii ni ya mwaka gani?"

"Tisini na saba."

"Mimi nilikuwa sijazaliwa," akasema, na akamzungusha tena.