Jeni Ileile, Hatari Tofauti

Mwaka 1993, watafiti wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, akiwemo mtaalamu wa vinasaba Margaret Pericak-Vance, walichunguza familia 42 zenye wagonjwa wengi wa Alzheimer ya uzeeni, ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu. Walikuwa wakiifuatilia APOE, jeni ya kromosomu ya 19 inayotengeneza protini ya kusafirisha mafuta mwilini. Ina sura tatu kuu, E2, E3 na E4, zinazotofautiana kwa herufi mbili tu za DNA, na kila mtu hurithi nakala mbili, ya baba na ya mama. Katika familia hizo, hatari ya kuugua ilipanda kutoka asilimia 20 kwa wasio na E4 hadi 90 kwa wenye nakala mbili. Umri wa kuanza kuugua nao ulishuka kutoka wastani wa miaka 84 hadi 68.

Barani Afrika hesabu hiyo iligoma. Mwaka 1995, Osuntokun na wenzake wa Ibadan, Nigeria, hawakuona uhusiano kati ya E4 na ugonjwa. Miaka miwili baadaye, Raj Kalaria, William Matuja wa Muhimbili na wenzao wa Nairobi walionyesha kuwa wazee wa Kenya na Tanzania wana E4 kwa wingi kuliko watu wa Ulaya, ambako ni takriban nakala 14 katika kila 100. Kama E4 ingekuwa kali kila mahali, wagonjwa wangejaa vijijini mwetu. Basi ama wagonjwa wapo ila hawahesabiwi, ama E4 ya huku haina makali yale.

Dhana ya kwanza ilipimwa wilayani Hai, Kilimanjaro. Uchunguzi wa wazee 1,198 wenye miaka 70 na zaidi ulikadiria kuwa asilimia 6.4 wana magonjwa ya kupoteza kumbukumbu, Alzheimer ikiwemo. Wagonjwa, basi, wapo. Kazi hiyo ilizaa kipimo kiitwacho IDEA, kwa kuwa vipimo vya kunakili michoro humwangusha mzee asiyewahi kushika kalamu hata kama akili yake ni timamu. Katika IDEA, mzee hutaja wanyama kwa dakika moja, hukumbuka orodha ya maneno, humtaja kiongozi wa kijiji, na hupanga njiti za kiberiti kama alivyoonyeshwa. Alama zote ni 15.

Dhana ya pili ilirudi kwa Pericak-Vance, sasa akiwa Chuo Kikuu cha Miami. Mwaka 2018, yeye, Farid Rajabli na wenzao waliwachunguza Wamarekani weusi na watu wa Puerto Rico, ambao vinasaba vyao vimechanganya asili za mabara. Hawakuishia kuuliza mtu ni wa asili gani. Waliuliza kipande cha DNA kinachoizunguka E4 yake kimetoka wapi. Kikiwa cha Ulaya, hatari ilikuwa kubwa. Kikiwa cha Afrika, ilipungua. Mwaka 2021 ubongo wa marehemu waliokuwa na E4 ulionyesha kuwa seli zenye kipande cha Ulaya hutengeneza APOE kwa wingi zaidi. Inaelekea, basi, kwamba siri iko kwa majirani wa jeni wanaoamua ifanye kazi kwa kiasi gani.

Lakini asili ya Kiafrika ya Wamarekani weusi kwa sehemu kubwa ni ya Afrika Magharibi. Haiwezi kumsemea mzee wa Mwamanyili, kata ya wilaya ya Busega, mkoani Simiyu, Usukumani. Ndiyo maana mradi mpya wa Pericak-Vance na Rufus Akinyemi wa Ibadan unakusanya sampuli katika nchi kadhaa za Afrika, Tanzania na Kenya zikiwemo.

Utafiti kama huo ukifika Usukumani, damu isitangulie njiti za IDEA. Huku vikongwe wamewahi kuuawa kwa tuhuma za uchawi, na familia ina kila sababu ya kuficha mabadiliko ya bibi au kuyaita uzee. Bibi huyo mgonjwa akiandikwa mzima, ataingia kwenye kundi la wazima wa kulinganishia pamoja na E4 yake. Tofauti kati ya kundi hilo na la wagonjwa itafifia, na jeni yenye hatari itaonekana haina. Kosa hilo hata mashine bora ya kusoma DNA haiwezi kulisahihisha.