Elimu ya Mtumwa na Hisani ya Bwana

Historia ya elimu Masasi, Newala na vijiji kama Lulindi huelezwa mara nyingi kama orodha ya wafadhili: sultani alitoa watoto, chifu alitoa kiwanja, misheni ikatoa vitabu. Masimulizi hayo yana ukweli ndani yake, lakini yanaficha swali la msingi: mtoto mwenyewe alikuwa mali ya nani?

Tuanzie Unguja, ilikotoka misheni hiyo. Mwaka 1864 Sultani Majid alimkabidhi Askofu Tozer wavulana watano waliokamatwa katika jahazi la watumwa. Hao ndio waliokuwa wanafunzi wa kwanza wa misheni ya UMCA, na mmoja wao, John Swedi, baadaye alikuwa shemasi. Lakini hazina ya Sultani huyo huyo ilijazwa kwa ushuru wa watumwa. Watano walikwenda shule. Maelfu walipita sokoni. Hisani ya namna hiyo haikuugusa mfumo, bali iliupamba.

Mwaka 1876 Askofu Steere alileta Masasi watu waliokombolewa utumwani. Baada ya shambulio la Wangoni la 1882, makao ya misheni yalihamia Newala kwa Chifu Matola. Enzi hizo nguvu ya machifu wa Kiyao ilitokana na watu waliowazunguka: jamaa, wakimbizi, na mateka walioitwa akapolo. Shule mjini kwa chifu ilimwongezea heshima na ulinzi. Haikuwa lazima imwondoe mateka chini ya bwana wake.

Je, basi elimu hiyo ilikuwa kazi bure? Hapana. Tukisema hivyo tutakosea kwa upande wa pili. Cecil Majaliwa, Myao aliyeuzwa utotoni, alisoma Kiungani, akapata upadre mwaka 1890, akafundisha Chitangali kwa Chifu Nakaam. Aliyekuwa bidhaa akawa mwalimu wa watawala. Hilo halikuwamo katika hesabu ya bwana yeyote.

Hata hivyo, utumwa ulifutwa kisheria Tanganyika mwaka 1922, miaka 32 baadaye. Elimu ilimwinua mmoja, haikulivunja tabaka.

Kwa hiyo kada anayeandika historia ya kijiji chake asiishie kwenye jina la mfadhili. Aulize nani alichaguliwa kusoma, nani aliachwa shambani, na aliyesoma alirudi kumtumikia nani. Swali hilo la mwisho linatuhusu na sisi, tuliosomeshwa kwa jasho la wakulima.