Saa Inayobadili Siku Jua Linapotua

Miongoni mwa kazi za mikono zinazofanywa nyumbani kwa mapenzi tu, bila duka wala malipo, kuifungua saa ya mkono ya mitambo na kuipanga upya ni mojawapo ya zile zinazodai utulivu mkubwa zaidi, na katika pwani ya kusini ya Kenya, kuanzia Diani na Msambweni hadi Vanga, kazi hiyo ina sababu ambayo waliozitengeneza saa hizo viwandani hawakuwa nayo akilini. Kiwandani saa hupangwa ibadili tarehe saa sita za usiku, ilhali kwa Waislamu wa Kwale, Wadigo na majirani zao, siku mpya huingia jua linapotua: usiku wa Ijumaa ni ule unaoutangulia mchana wa Ijumaa, na Ramadhani huanza Magharibi mwezi unapoandama. Anayejifunza kuirekebisha mashine ndogo hivyo ili ikubaliane na siku anayoiishi anastahili sifa, na sifa hiyo haieleweki vizuri pasipo kuieleza mashine yenyewe.

Saa ya mitambo haitumii betri. Nguvu yake hutoka kwenye kamani, yaani utepe wa chuma uliokunjwa ndani ya pipa dogo, ambao katika saa za otomatiki hukazwa na kipande kizito kinachozunguka kadiri mkono wa mvaaji unavyotikisika. Nguvu hiyo hupita katika safu ya magurudumu yenye meno hadi kwenye gurudumu la mizani, ambalo huenda na kurudi likiongozwa na kamani nyingine nyembamba kama unywele, na ambalo kila linapopiga huruhusu magurudumu yasogee hatua moja tu. Katika mashine ya Seiko iitwayo 7S26, iliyoanza kutengenezwa mwaka 1996 na kutiwa katika saa nyingi za Seiko 5, mapigo hayo ni 21,600 kwa saa, yaani sita kwa sekunde, na mihimili inayozunguka sana imekalishwa juu ya vito vigumu, 21 kwa jumla, ili isilike. Zipo saa za aina hiyo zilizotengenezwa kwa soko la nchi za Ghuba, ambazo duara lao la siku limeandikwa majina 14, saba ya Kiingereza na saba ya Kiarabu, na kila siku duara husogea hatua mbili ili kuiruka lugha ambayo mwenye saa hakuichagua. Kwa mkazi wa Msambweni mwenye ndugu aliyefanya kazi Dubai au Maskati, hakuna saa inayofaa zaidi kujifunzia, kwa kuwa ni imara, haina bei ya kutisha, na majina yake ya siku tayari ni yale yanayosomwa msikitini.

Badiliko la kwanza halihitaji hata bisibisi. Mkazi wa pwani amezoea kuitazama saa inayoonyesha saba na kusema saa moja bila kusita, lakini hakuna kinachomlazimisha kuiacha hivyo. Anaweza kuvuta kifundo cha pembeni na kuzungusha akrabu, yaani mishale ya saa, mpaka zionyeshe saa moja panapokuwa saa moja. Linalopendeza ni linalotokea kwa tarehe. Gurudumu linalobeba akrabu fupi huzunguka mara mbili kwa siku na kusukuma gurudumu jingine linalozunguka mara moja tu, na hili lina kidole kinachosogeza duara la tarehe lenye meno 31 kila akrabu fupi inapofika kumi na mbili kwa mara ya pili. Mashine haijui usiku wa manane ni nini. Inajua tu mahali kidole kinapokutana na jino. Kwa hiyo saa iliyopangwa kwa hesabu ya Kiswahili hubadili tarehe ama saa kumi na mbili alfajiri ama saa kumi na mbili jioni, na ikichagua alfajiri mwenyewe huzisogeza akrabu hadi ile fupi imalize mzunguko mmoja mzima, ikawa jioni. Hapo, bila kugusa ndani, saa ya Kijapani inaingia siku mpya pamoja na kijiji kizima.

Kwamba mpango huu unafaa Kwale ni zawadi ya jiografia. Watu wa Istanbul nao waliwahi kuhesabu saa kuanzia machweo, lakini kule muda wa jua kutua hutofautiana kwa karibu saa tatu kati ya majira ya baridi na ya joto, hivyo saa zao zilihitaji kusahihishwa kila baada ya siku chache, hadi Uturuki ilipouacha utaratibu huo mwanzoni mwa mwaka 1926. Diani iko digrii nne na ushei kusini mwa ikweta, na jua lake hutua kati ya saa kumi na mbili na robo na saa moja kasorobo mwaka mzima, tofauti ya nusu saa tu. Mpango huo unaweza kukaa miaka bila kubadilishwa na bado tarehe ikageuka karibu na adhana ya Magharibi inaposikika kutoka Msikiti wa Kongo, mlangoni mwa Mto Mwachema.

Duara la tarehe hufikiri kwamba kila mwezi una siku 31, nalo hukosea mara tano kwa mwaka kwa kalenda ya serikali. Kwa kalenda ya Hijria, ambayo miezi yake ni ya siku 29 au 30, hukosea kila mwezi, hivyo mwenye saa hulazimika kulirusha tarakimu moja au mbili kila mwezi unapoandama. Lakini tahadhari ya kawaida kwa mashine kama hii ni kwamba tarehe isisogezwe kwa kifundo akrabu fupi ikiwa kati ya tisa na tatu wakati wa mabadiliko, kwa sababu kidole kimeshashikana na meno na kulazimisha kunaweza kuyavunja. Katika saa iliyopangwa kwa Magharibi, muda huo wa hatari huanzia saa tisa alasiri hadi saa tatu usiku. Aliyeuona mwezi mwandamo ufukweni Gazi, hata akiwa na hamu kiasi gani ya kuandika mosi kwenye saa yake, hana budi kusubiri mpaka saa tatu ipite, baada ya Isha.

Wako wasiotaka hivyo. Mwalimu wa shule, mfanyakazi wa hoteli au karani hupenda kusoma saa za Kiswahili moja kwa moja na wakati huohuo kuiacha tarehe igeuke saa sita usiku kama kwenye karatasi za ofisi, na hapa ndipo ufundi hasa unapoanza, kwa kuwa akrabu fupi yenyewe lazima ing'olewe na kupachikwa upande wa pili. Mfuniko wa nyuma hufunguliwa, mhimili wa kifundo huachiliwa kwa kubonyeza kijisehemu kisichozidi ukubwa wa punje ya mtama, na mashine nzima hutolewa kwenye kasha. Kipande chembamba cha plastiki hulazwa juu ya uso wa saa usije ukachubuka. Kisha akrabu zote tatu hunyanyuliwa, maana hazikufungwa kwa skrubu bali zimebana tu kwenye mihimili yao. Kifundo huzungushwa polepole mpaka tarehe igeuke, na papo hapo akrabu fupi hukandamizwa ikielekea sita, ndefu ikielekea kumi na mbili. Ya sekunde ndiyo inayowashinda wengi, kwa kuwa tundu lake halionekani vizuri bila lenzi ya jichoni na katika 7S26 mhimili wake hausimami hata kifundo kikivutwa. Hupachikwa juu ya kitu kinachoendelea kutembea. Baada ya hapo mashine hutazamwa kwa ubavu, kuhakikisha kwamba hakuna akrabu inayoigusa nyingine, na huzungushwa saa 24 kamili kabla ya kurudishwa ndani.

Hali ya hewa ya pwani haiihurumii kazi hii. Feni huzimwa, kwani upepo wake unatosha kuibeba akrabu ya sekunde mpaka chini ya kabati, na feni ikizimwa jasho huanza. Tone moja la maji ya chumvi kwenye chuma cha ndani huwa kutu kabla ya wiki kwisha, hivyo vidole huvishwa vifuniko vya mpira na sehemu zote hushikwa kwa koleo. Mchanga mweupe wa Diani, unaosifiwa na wageni, ukiingia chembe moja kati ya meno huisimamisha saa. Ndiyo maana wenye busara huifanya kazi hii juu ya sinia lililopanguswa, madirisha yakiwa yamefungwa.

Kuna wanaoibeza kazi ya namna hii kuwa ni kuiharibu saa ya watu. Historia ya Japani yenyewe inawajibu. Saa za Ulaya zilipofika huko, mchana na usiku vilikuwa vikigawanywa sehemu sita kila kimoja, sehemu zilizorefuka na kufupika kwa majira, na mafundi wa Kijapani walizibadilisha mashine hizo zikafuata siku yao, mpaka Tanaka Hisashige alipokamilisha mwaka 1851 saa yake kubwa iliyoyarekebisha majira hayo yenyewe. Japani ilihamia saa za kimataifa mwaka 1873, na miaka minane baadaye Hattori Kintaro akafungua duka lililozaa Seiko. Anayehamisha akrabu mezani kwake Ukunda anaifanyia mashine ya Kijapani jambo lilelile ambalo Wajapani waliifanyia ya Ulaya.

Zipo njia rahisi zaidi, kama kuing'oa 7S26 na kutia NH36, mashine ya vito 24 yenye ukubwa uleule, ambayo hukazwa kwa kifundo na husimamisha sekunde wakati wa kupangwa. Ni badiliko zuri na lenye faida, lakini ni ununuzi zaidi kuliko ufundi, na halifundishi mkono kile ambacho akrabu moja iliyopachikwa sawasawa hufundisha. Basi anayetaka kuanza na atafute saa iliyokwisha kutupwa kwenye droo, ambayo hakuna atakayeililia ikivunjika, na ile aliyoachiwa na babu yake aipeleke kwa fundi saa mpaka mkono wake mwenyewe uzoee.